Kona ya Fundi Sauti: Monita gani kwa studio ya chumbani?

Mwezi huu karibu meseji zote zimekuja na kitu kimoja, spika. Inaonekana saivi kila mtu ana lapitopu, ana maiki, ana saundi kadi, kilichobaki ni monita, yaani spika za kumiksia. Nimechukua maswali matano. La kwanza nimelijibu kwa kirefu maana likieleweka hilo mengine yote yanakuwa mepesi.

Shikamoo fundi. Mi natengeneza biti za singeli na bongo flava, narekodi madogo wa mtaani hapa Mbagala. Chumba changu futi kumi kwa kumi, ukuta wa tofali, chini tailizi, kitanda humo humo, meza nimeiweka katikati ili watu wapite. Namiksi na sabufa la nyumbani. Humu ndani ngoma inagonga balaa ila ikipigwa kwenye gari ya mtu besi imepotea na voko ziko mbele zimebaki peke yake. Nimedunduliza milioni moja na nusu. Jamaa mmoja ananiambia nichukue za inchi 8 ndo nitasikia besi yote, mwingine anasema inchi 5 zinanitosha. Nichukue zipi?

Marahaba mdogo wangu. Chukua inchi 5, na usiimalize hela yote kwenye spika, bakisha ya kukitengeneza chumba.

Nianze na sabufa lako. Halina kosa, limetengenezwa kufurahisha watu sebuleni kwa hiyo limeongezewa besi makusudi. We ukiisikia kiki (lile dundo la ngoma ya chini) imejaa unaipunguza, ukiisikia besi inavuma unaipunguza, mpaka humo ndani inakuwa tamu, alafu ngoma ikitoka nje ya chumba ile nyongeza ya sabufa haipo, wanasikia ulichobakiza. Monita kazi yake ni kutokuongeza kitu, na nikwambie mapema, siku ya kwanza utaona umeibiwa maana itasikika kavu, haina raha. Iache wiki kadhaa masikio yazoee.

Na usishtuke boksi la monita limeandika wati 70 wakati la sabufa limeandika wati elfu kumi PMPO. Ile PMPO ni namba ya kuuzia tu, kila kiwanda kinaipiga hesabu kinavyotaka. Wati 70 za Yamaha HS5, monita ya inchi 5, ni za kweli, 45 za wufa (spika kubwa ya besi) na 25 za twita (ile ndogo ya sauti za juu), kila mmoja ana amplifaya yake humo humo ndani ya boksi. Ukikaa nayo umbali wa chini ya mita moja huwezi kuzimaliza.

Sasa twende kwenye inchi 8. Huyo jamaa yako anasema kweli kwamba zinashuka chini zaidi, HS8, ile ya inchi 8, inafika Hz 38 wakati HS5 inaishia Hz 54 (Hz ni mitetemo kwa sekunde, namba ikiwa ndogo besi ni nzito zaidi). Tatizo ni kwamba chumba chako hakiwezi kuzibeba. Sauti inakwenda kama mita 343 kwa sekunde, chumba chako ni kama mita 3.05 kila upande, ukigawa 343 kwa mara mbili ya huo urefu unapata Hz 56. Hapo ndo chumba chako kinapoitika chenyewe, nusu ya wimbi inaingia sawasawa kati ya ukuta na ukuta, pembeni ukutani inavimba na katikati ya chumba inakufa. Na kwa kuwa chumba ni mraba, urefu na upana vyote vinaitikia palepale kwenye Hz 56, ndo maana vyumba vya mraba ni vibaya kuliko vya mstatili. Alafu wewe meza umeweka wapi? Katikati! Yaani umekaa mahali ambapo besi ya chumba inakufa, hata ukiniletea spika ya milioni ishirini hapo kiki itakudanganya.

Na kwenye singeli ndo utaumia zaidi. Mapigo 200 na kuendelea kwa dakika maana yake kati ya pigo na pigo kuna sekunde 0.3 tu, chumba cha tofali na tailizi kisicho na kitu ukutani besi ya pigo la kwanza bado inavuma pigo la pili limeshaingia, inakuwa uji. Wufa kubwa inamimina nishati nyingi zaidi humo humo kwenye uji. (Waliopanga vyumba vya mabati wanajionea huruma lakini kwa besi wao wana nafuu kidogo, bati na mbao zinaiachia inatoka nje, shida yao ni majirani na mvua.)

Ukitaka kuhakikisha usiniamini mimi, fungua synthi yoyote (kinanda cha kompyuta), weka wimbi la saini (sine) tupu, piga noti moja moja kuanzia A ya Hz 55 kupanda mpaka A ya Hz 110, sauti usiiguse. Kuna noti zitavimba na kuna noti zitapotea kabisa alafu ukisogeza kiti nusu mita zinarudi. Hiyo sio spika, ni chumba.

Kwa hiyo meza isogeze kwenye ukuta. Ukae masikio yawe kama mita 1.15 kutoka ukuta ulioutazama, hiyo ni kama asilimia 38 ya urefu wa chumba, sio sheria ya serikali ila ni pa kuanzia. Monita mbili na kichwa chako vitengeneze pembetatu ya pande sawa, kwa hapo kwako kama sentimita 90 kila upande, twita ziwe usawa wa masikio na zikutazame. Mgongo wa spika uache kama sentimita 15 kutoka ukutani. Usizivute mpaka katikati ya chumba eti ukuta unaharibu, uso wa spika ukiwa mita moja kutoka ukutani sauti inayorudi kutoka nyuma inaipiga ile ya mbele na kuiua karibu na Hz 86, hapo ndo mwili wa kiki na besi, ila ukiwa kama sentimita 38 lile shimo linapanda mpaka Hz 226 hivi ambako paneli nene ya kunyonya sauti ukutani inaweza kulisaidia. Ukisogea ukutani besi itaongezeka, ni kawaida, nyuma ya HS5 kuna swichi ya chumba ya kupunguza desibeli 2 au 4, anza na 2. Kulia na kushoto kwako kufanane, usiwe na kabati upande mmoja na dirisha tupu upande mwingine.

Kitanda usikitoe! Godoro ni kati ya vitu vichache humo ndani vinavyokusaidia, kiwe nyuma yako.

Umeuliza ipi, nimezungukazunguka, basi. Kwa kazi yako ya voko nyingi mi ningechukua HS5 maana katikati iko uchi, voko ikiwa na kasoro utaisikia unataka usitake. JBL 305P MkII inashuka chini zaidi, mpaka Hz 43, na ukigeuza kichwa kidogo bado picha ya stirio haiporomoki, ukiwa unakaa na msanii pembeni hiyo ni faida. KRK Rokit 5, zile za koni ya njano, tundu la hewa liko mbele kwa hiyo ukutani hazisumbui sana, na kuanzia toleo la G4 la 2019 zina kioo kidogo nyuma cha kuseti ikwalaiza, matoleo ya nyuma yalisifika kwa kupenda besi na wewe besi ishakuponza. ADAM T5V twita yake ni ya utepe, huku juu ni safi sana, hiyo ukiikuta kwa bei nzuri chukua. Zote hizi ukikosea kuziweka zitafanana, ukizipatia zote zitakufikisha.

Na kama bado roho inakuuma kwa inchi 8, kumbuka Yamaha NS-10, zile koni nyeupe unaziona kwenye picha za studio kubwa za zamani. Zilitoka 1978 kama spika za muziki wa nyumbani, besi hazina kabisa, na bado mafundi wakubwa duniani walimiksia hizo miaka na miaka mpaka zikaacha kutengenezwa 2001, massa ya karatasi ya kutengenezea koni ilikuwa haipatikani tena. Walizipenda kwa sababu ngoma ikisimama kwenye zile, inasimama kwenye chochote.

Niaje fundi, mimi niko Githurai. Kuna msee anauza Yamaha HS mtumba, anasema zimetoka Japani, ziko safi na bei iko chini sana kuliko ya duka. Nizikimbilie ama?

Kabla hujakimbia mwambie akugeuzie spika akupige picha ya nyuma, pale panapoingia waya wa stima. Japani umeme wao ni volti 100, Marekani ni 120, wewe kwako Kenya ni 240. Kifaa kilichotengenezewa volti 100 tu ukikichomeka kwa soketi yako hakitakupa hata nafasi ya kujuta, utasikia harufu tu. Kama nyuma pameandikwa 100 mpaka 240, au kuna swichi ya kubadilisha, sawa. Kama pameandikwa 100 peke yake basi piga hesabu ya transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo wa kutosha spika zote mbili, uongeze kwa bei yake, alafu uone kama bado ni rahisi. Na usikubali adapta ya plagi, ile inabadilisha umbo la meno tu, volti ni zile zile.

Ukiridhika na volti, nenda mwenyewe mchana. Ziwashe bila muziki, weka sikio karibu na twita: mlio mdogo wa ssss ni wa kawaida, mvumo mzito wa mmmm sio. Bonyeza koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili, isikwaruze. Angalia mpira wa pembeni kama umepasuka, angalia twita isiwe imebonyezwa na mtoto. Cheza ngoma yako mwenyewe kutoka kwa flashi, sio yake, moja moja, kushoto peke yake alafu kulia peke yake, kama hazifanani kuna moja imefunguliwa na fundi. Na uzinyanyue. HS5 halisi ni kilo 5.3 kila moja, ukiibeba kama boksi la mkate ujue kuna mchezo.

Fundi hujambo, niko Mombasa. Nimebandika trei za mayai ukuta wote mpaka dari lakini monita zangu bado zinavuma. Niongeze nyingine juu yake?

Sijambo ndugu yangu, na tafadhali zibandue. Trei ni karatasi nyembamba, zinachofanya ni kupunguza punguza zile sauti za juu kabisa kwa hiyo ukipiga makofi unaona chumba kimetulia, unafikiri umemaliza. Besi haijaziona hata. Wimbi la Hz 56 lina urefu wa zaidi ya mita 6, unalisimamishaje na trei? Umebaki na chumba ambacho juu kimekufa na chini kinanguruma, kibaya kuliko kilivyokuwa kitupu. Na juu ya yote ni karatasi kavu ukuta mzima na dari, karibu na nyaya na amplifaya zinazopata moto.

Unachotaka ni unene. Tafuta rokiwulu, ile pamba ya mawe ya kuzuia joto kwenye boila na mapaa, ya ubao mgumu sio ile laini ya kumwagika. Tengeneza fremu ya mbao, weka unene wa sentimita 10, funika na kitambaa ambacho ukikiweka mdomoni unaweza kupumua, kitambaa cha plastiki hakifai. Vaa glavu na barakoa wakati wa kukata, inawasha vibaya mno. Paneli hizo usizipigilie ukutani kabisa, acha nafasi ya hewa nyuma sentimita 5 hadi 10, zinashika chini zaidi bila kukuongezea gharama.

Pa kuweka: kaa kwenye kiti chako, rafiki atembeze kioo ukutani usawa wa kichwa chako, pale ukiiona twita kwenye kioo ndo sauti inapogonga na kukurudia. Kuta mbili za pembeni, na dari juu ya meza. Alafu pembe za chumba, hizo ndo za besi, huko jaza unene wowote unaoweza, kuanzia chini mpaka juu. Ukikosa rokiwulu kabisa, godoro zito la zamani limesimamishwa kwenye pembe, na kabati la nguo lililojaa pembe nyingine, sio sawa na rokiwulu ila ni mbali sana kuliko trei. Kila ukiongeza kitu rudia ule mtihani wa noti moja moja niliomweleza mwenzako wa Mbagala. Ukiwa na maiki ya kupimia kuna programu ya bure, Room EQ Wizard, itakuchorea kabisa milima na mabonde.

Habari kaka. Mimi ni mama wa mtoto mchanga, nipo Mwanza, muda wangu wa muziki ni usiku mtoto akishalala, na majirani tumetenganishwa na ukuta mmoja. Nina laki tatu tu. Kuna monita ndogo za inchi 3 na nusu, zinafaa?

Nzuri dada, na hongera ya mtoto. Kwa hali yako spika ziache kwanza, nunua hedifoni. Zile za inchi 3 na nusu ni nzuri kwa kuhariri na kusikiliza lakini PreSonus Eris E3.5 kwa mfano inaanzia Hz 80, chini ya hapo unakisia, na usiku huo huwezi kuziongeza sauti hata hizo.

Hedifoni chumba hakiziwezi, ndo uzuri wake. Sony MDR-7506 ipo tangu 1991 na bado watu wanafanyia kazi, sauti za juu zinachoma kidogo ila kasoro yote ya voko utaisikia. Audio-Technica ATH-M50x nayo sawa, ujue tu imeongeza besi kiasi. Hakikisha ni halisi, hizi mbili feki zake zimejaa sokoni.

Angalia mambo mawili. Kwenye hedifoni kushoto hakuendi sikio la kulia kabisa, kwa hiyo vitu ulivyovitupa pembeni vinaonekana viko mbali sana na rivabu (mwangwi) inaonekana kidogo, usizidishe. Miksi yako ya usiku isikilize asubuhi kwenye simu, redio ya jikoni, gari ya mtu, chochote. La pili ni sauti: usiku kimya ukiongeza taratibu taratibu hujui umefika wapi. WHO wanashauri isizidi desibeli 80 kwa saa 40 za wiki, na ikipanda zaidi muda salama unapungua haraka. Tena sikio lenyewe linabadilika, watafiti Fletcher na Munson walilipima 1933, sauti ikiwa ndogo sikio halisikii besi vizuri, ikiwa kubwa besi inajaa. Chagua kiwango kimoja, weka alama kwenye kitufe cha saundi kadi, ubaki hapo hapo. Na nyie wa monita ni hivyo hivyo, kwenye chumba kidogo desibeli 75 hivi zinatosha, programu ya kupimia sauti kwenye simu itakupa makadirio.

Kaka maswali mawili ya haraka. Monita zangu zinanguruma nikichomeka chaja ya lapitopu, nikiichomoa kimya. Alafu mdogo wangu anataka kununua moja mwezi huu na ya pili baadae, inawezekana? Arusha.

Ngurumo ni ya chaja na eathi, spika ni nzima. Angalia waya unaotoka saundi kadi kwenda monita, kama jeki yake ina pete moja nyeusi badilisha uweke wenye pete mbili, yaani TRS, au TRS kwenda XLR (plagi ya pini tatu kama ya maiki), huo unajifuta kelele wenyewe njiani. Chaja, saundi kadi na monita vyote vitoke kwenye ekstensheni moja. Kuna fundi atakwambia ukate jino la eathi kwenye plagi, ngurumo itaisha kweli, ila siku kifaa kikivuja umeme utakayeshtuka ni wewe.

Kununua moja inawezekana, HS5 na 305P mara nyingi zinauzwa moja moja, na hapo hapo ndo watu wengi wanapigwa Kariakoo, bei waliyoambiwa kwenye simu ni ya moja wao wakajua ni pea. Aulize wazi. Ile moja aiweke mbele yake katikati, amiksi kwa mono, hapo atajifunza kupanga sauti za vyombo na voko kuliko mwenye pea anayekimbilia kutupa kila kitu pembeni. Ila asichukue zile ndogo ambazo moja ina amplifaya na nyingine inaitegemea, hizo ni lazima zije pamoja. Risiti aitunze na amuombe mwenye duka amuandikie toleo kamili na rangi, maana akirudi baada ya miezi akakuta toleo limebadilika, kushoto na kulia hazitakuwa ndugu.